Mpini wa Ufagio

Nilimpeleka binti yangu siku ya Jumatatu,
theluji imepanda hadi vidirishani
mwa kile chumba cha chini kwa chini, Gyumri,
kilichokuwa zamani ghala la kiwanda cha soksi.
Nilibeba begi. Ndani yake mkanda wa ngozi
ulionikaza kiuno nikiwa na miaka kumi na mmoja,
na daftari la marehemu baba,
kilo kwa kilo, kwa wino wa zambarau.

Mwalimu Vardush hakuligusa begi.
Alitazama viatu vya Shoghik, akamwambia avivue.
Akauendea ufagio kando ya jiko,
akaung'oa kichwa,
akampa mpini.
"Huu ndio mtaimbo wako hadi theluji iyeyuke."

Nikacheka. Nikasema: samaki mkunje angali mbichi.
Akauliza bila kugeuka:
"Huyu ni samaki?"

Basi nikakaa kwenye benchi na koti langu.
Chuchumaa, alisema, kama unatafuta kigoda gizani:
usikikalie kabla hujakipata.
Magoti yafuate vidole.
Pumua, mwanangu, hewa hailipiwi.
Walikuwa sita. Hrayr, pengo mbili mbele,
alitambaa kama dubu akiimba jina la dada yake.
Mwingine alikumbatia mpira wa mchanga
kama anayeokoa paka.
Mara kumi, kisha maji. Mara nane, kisha soga.
Aliyeanza kupinda mgongo alisimamishwa pale pale,
hata kama alikuwa anashinda,
maana hapakuwa na anayeshindwa.
Jumatatu na Alhamisi tu.
Siku nyingine aliwafukuza wakateleze kwenye barafu.

Jirani yetu Arusyak alinizuia ngazini:
utamdumaza mtoto, atabaki kimo cha ndoo.
Nikalipeleka neno lake kule chini.
Vardush alikuwa anapangusa sahani za chuma
ambazo hakuna mtoto aliyezigusa bado.
"Mpini haujadumaza mtu," alisema.
"Kinachowavunja ni haraka ya mtu mzima.
Na sahani, kwanza azimalize za nyumbani,
zenye dengu."

Sikumjibu.
Mimi nashuka kitandani kwa mafungu:
mguu, nyonga, mkono ukutani, halafu mimi.
Baba alikuwa akisema *ongeza*, nami nikaongeza.
Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilivikwa nishani.
Nikiwa na kumi na minne
mama alinifunga kamba za viatu.
Daftari linaishia ukurasa huo. Wino haukuisha.

Mwezi wa pili, jioni moja, mpini ukawekwa kando.
Kikatolewa chuma chembamba, kilo tano, chekundu.
Nilisimama kwenye benchi bila kujua.
Shoghik alikinyanyua hadi juu ya nywele zake,
mikono imenyooka, ulimi umetoka kidogo,
nami mdomo wangu, ee Mungu,
mdomo wangu ukaanza lile neno la baba.
Nikaliuma.
"Bado," Vardush akamwambia. "Hujamaliza."
Mtoto akakishusha taratibu,
kifuani, mapajani, sakafuni,
kisilie hata ting.

Kupanda mchongoma, mimi nilifundishwa.
Kushuka ndio ngoma, na sisi,
kizazi kizima cha nishani na plasta,
tulirukia chini.

Mkanda sasa unafunga kibanda cha kuku.
Juzi taa ya ngazi ilikuwa imeungua.
Gunia la viazi liko mlangoni; nikaliinamia
kama ninavyoinama siku zote, kama baba, kama mundu.
Sauti ikatoka juu, kwenye giza, ina mkate mdomoni:
"Baba. Kigoda."

Nikasimama.
Nikatanua miguu.
Nikaanza kukitafuta.